Pudini ya Ndizi: Baridi ya Kisii si Friji, Usijidanganye

Kama keja yako iko Kisii ama Nyamira, ndizi mbivu si stori. Unatoka soko la Daraja Mbili ama Keroka na chana moja, unapanga biskuti, ndizi na kastadi, unarudia, pudini iko fiti. Noma huanza ikibaki.

Kuna msee atakushow, "Huku ni baridi, iache tu mezani." Zii! Friji inafaa kuwa digrii 4 ama chini ya hapo. Usiku wa Kisii, hata ukijifunika blanketi mbili, haufiki hapo. Na maziwa na mayai ya kastadi ni sherehe ya bakteria.

Jinsi ya kuiweka

• Isikae nje zaidi ya masaa mawili. Ikishapoa kidogo, weka kwa friji.
• Tumia chombo chenye kifuniko, isivute harufu ya vitunguu.
• Imalize ndani ya siku 3 ama 4. Andika tarehe kwa kifuniko, hasa kama unauzia watu kwa vikombe.
• Usiigandishe. Kastadi ikiyeyuka inaachana na maji.
• Stima ikipotea, usifungue friji ovyo. Ikiwa imefungwa, hushika baridi kama masaa manne. Giza likizidi hapo, mwaga.

Imeharibika ama bado?

Ndizi ikigeuka kahawia, usipanic. Hiyo ni hewa tu. Ndimu kidogo ukiikata hupunguza. Biskuti kulainika pia ni kawaida. Lakini ukiona ukungu, mapovu ama utelezi, ama ikinuka uchachu, usionje hata kijiko. Na usitoe ukungu juu ule ya chini.

Sasa shika hii: pudini inaweza kukulaza na bado inanukia poa. Bakteria wa Staphylococcus hutoka kwa mikono na pua zetu, na sumu yao haiishi hata ukipasha chakula moto. Kwa hivyo osha mikono, halafu amini saa kuliko pua.

Ukiila na uanze kutapika ama kuharisha, kunywa maji yenye ORS. Kukiwa na damu, ama maji hayakai tumboni, enda hosi. Mtoto, mzee na mama mjamzito wasingoje.

Ukiwa na shaka, mwaga. Ndizi zingine ziko soko.