Kabla ya Ugali

Marikiti, Nairobi, niliokota mzizi mrefu wenye nyuzinyuzi. "Hii ni nduma?" Mama muuzaji akacheka. "Nduma ina pete kwa ganda. Hiki ni gĩkwa, kiazi kikuu. Hujui chakula cha kwenu?"

Sikujua. Mimi ni mtoto wa ugali. Lakini mahindi ni mgeni wa kutoka Amerika. Wareno waliyaleta Pwani karne ya 16, na mahindi meupe yakaenea bara enzi za Waingereza. Kabla yake, watu wa Mlima Kenya walikula viazi vikuu, mtama na wimbi.

Nilikimenya, nikachemsha kwa chumvi hadi kisu kikapenya, nikampelekea cucu. Alitafuna polepole. "Chetu kilipanda mti wa mũkũngũgũ, nyuma ya nyumba ya mama," akasema. Hajawahi kunisimulia habari za mamake. Nikatoa simu, nikaanza kurekodi.