Kope Iliyoanguka na Njia Ndefu ya Kufika Ijara

Kupima kope iliyoanguka hakuhitaji mashine. Daktari hukandamiza nyusi ya mgonjwa kwa kidole gumba ili paji la uso lisisaidie kuinua kope, kisha humwambia atazame chini, halafu juu, huku akisoma kwenye rula ndogo kope imepanda kiasi gani. Ya mtu mwenye afya hupanda milimita 15 hivi. Ikipanda chini ya 4, msuli wa kuinua kope ni kama haupo. Mtoto aliyezaliwa hivyo huinua kidevu ili auone ubao wa darasani, na paji lake hujikunja kama la mzee.

Katika Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, kati ya mto Tana na msitu wa Boni, ni rahisi mtoto kama huyo kudhaniwa mvivu au mwenye usingizi. Akiwa kijana, jicho lililofumba nusu litawafanya watu waseme amekesha akitafuna miraa. Wazazi nao huambiwa hayo ni maumbile ya Mungu, wayaache. Maneno hayo ni ya upole, lakini yanamgharimu mtoto. Kope ikifunika mboni tangu uchanga, ubongo haujifunzi kulitumia jicho hilo. Akifika miaka saba au minane, hata kope ikiinuliwa, huenda nguvu ya kuona isirudi yote. Nasisitiza hili kwa sababu upasuaji wa kope hutajwa mara nyingi kama anasa ya matajiri wa Nairobi na Dubai, na historia yake haikuanzia huko.

Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013 hivi, aliandika al-Tasrif, kitabu cha juzuu 30, na ya mwisho akaitoa kwa upasuaji. Aliianza kwa kuchoma kwa chuma cha moto, na humo akaeleza namna ya kuichoma kope iliyolegea, na ile ambayo nywele zake zimepinda ndani zikachoma jicho. Kwa wafugaji wa Kisomali wa Ijara, ambao nao wana mafundi wa kuchoma kwa moto kutibu maradhi mengi, kurasa hizo zisingeonekana ngeni. Alieleza pia njia isiyohitaji moto: ngozi iliyozidi hubanwa kati ya vijiti viwili vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa nguvu, ikakosa damu, ikafa na kudondoka yenyewe baada ya siku kadhaa.

Tiba hizo zote ziliishia kwenye ngozi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko ndani zaidi, kwenye msuli mwembamba unaotoka nyuma ya jicho hadi ukingo wa kope, au kwenye neva inayouamuru. Mwaka 1857, mpasuaji William Bowman wa London aliufikia msuli huo kwa kupitia upande wa ndani wa kope na kuufupisha. Kwa wale ambao msuli wao hauna nguvu hata kidogo, madaktari waliamua kuiachia nyusi kazi hiyo: kope hufungwa kwenye msuli wa paji kwa utepe, na mgonjwa akiinua nyusi, jicho hufunguka. Mwaka 1956, John Crawford wa Toronto alichapisha njia ya kutumia utando mgumu unaotolewa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe, na njia hiyo ingali inafuatwa duniani kote.

Kwetu Afrika Mashariki, ustadi wa kutengeneza kope uliletwa na watu waliofunzwa na vita. Mwaka 1917 mpasuaji Harold Gillies alimhudumia baharia Walter Yeo, ambaye kope zake za juu na za chini zilikuwa zimeharibiwa katika mapigano ya Jutland ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akamfunika upya kwa ngozi ya kifuani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jamaa ya Gillies, Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwapokea marubani walioungua nyuso katika hospitali ya East Grinstead. Kope zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kurudishwa, kwa kuwa jicho lisiloweza kufumba hukauka na kupofuka. Ngozi laini ya upande wa ndani wa mkono ilifaa kwa kazi hiyo.

McIndoe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huko, mwaka 1956, alizungumza na madaktari wengine wawili wa fani yake, Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Kenya na Tom Rees kutoka New York, juu ya umbali uliowatenga watu wa vijijini na mpasuaji. Mwaka uliofuata walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni shirika la afya la Amref. Rees baadaye alipata sifa Manhattan kwa kurembesha nyuso za wenye fedha, akaandika vitabu ambavyo wapasuaji wa urembo walijifunzia. Kwa hiyo mikono iliyosifiwa kwa urembo ndiyo hiyo hiyo iliyofunga bendeji kwenye hospitali za vumbi za Afrika Mashariki.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, iliko Ijara, ilikuwa na ugumu wake. Wakoloni waliifanya eneo lililofungwa, mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipofika mwaka 1963, vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya, vilifuata, na sheria ya hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. Eneo lililotawaliwa kwa amri za usalama kwa karibu miaka 30 halikuvuta madaktari bingwa. Ijara yenyewe ilikatwa kutoka Garissa na kuwa wilaya mwaka 2000, makao yake yakiwa Masalani. Nchi nzima ililisikia jina lake mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua watu na mifugo. Wataalamu walifika, kwa sababu ugonjwa ule uliua na ulitishia biashara ya nyama. Kope iliyoanguka haiui mtu wala haifungi soko.

Hata hivyo upasuaji mmoja wa kope umefika mashambani, nao ni ule wa trakoma. Ugonjwa huu, ambao umewatesa sana wafugaji wa Turkana, Samburu na Marsabit, huacha makovu yanayopinda kope ndani hadi nywele zikwaruze jicho. Mark Reacher na wenzake walilinganisha njia mbalimbali za kuirudisha kope hiyo nje, wakifanyia utafiti wao Oman, na matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Njia ya kukata kope kwa upana wake na kuugeuza ukingo nje ilishinda, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na wauguzi na maafisa wa kliniki wakafundishwa kuifanya kwa ganzi tu, hata kwenye chumba cha darasa kilichosafishwa. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kwamba trakoma si tatizo la afya ya umma tena.

Kope inayoanguka haijapata njia rahisi kama hiyo. Mtoto anahitaji nusu kaputi, kwa hiyo anahitaji mtaalamu wa dawa hiyo, oksijeni na chumba cha upasuaji chenye umeme usiokatika. Daktari hutoboa vitundu vidogo juu ya nyusi na kwenye kope, hupitisha utepe kwa sindano ndefu, kisha huuvuta taratibu hadi ukingo wa kope ukae mahali pake, mbali na mboni. Akivuta kidogo mno, kazi ni bure. Akizidisha, jicho halifumbi. Na hata kazi ikienda vizuri, kwa majuma ya mwanzo mtoto hulala jicho likiwa wazi kidogo, na mama lazima alipake mafuta ya dawa kila usiku. Upepo wa kiangazi wa Ijara unabeba mchanga hadi ndani ya nyumba. Mama asiyeelezwa hilo kwa Kisomali au Kiswahili anachokielewa anaweza kumrudisha mtoto hospitali akiwa na kidonda kwenye kioo cha jicho, ikiwa barabara haijafungwa na mvua.

Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na sidhani ni haki kungoja hadi Masalani ipate mpasuaji wake wa macho. Kinachoweza kuanza mapema ni kuwatambua watoto. Muuguzi wa Hulugho au Sangailu, vijijini Ijara, huwaona siku ya chanjo, tena akiwa karibu nao kuliko daktari yeyote bingwa. Akiona kope moja imeshuka hadi kwenye mboni, au mtoto anayetembea akiwa ameinua kidevu, aandike rufaa ya daktari wa macho siku hiyo hiyo. Na ikiwa ni mtu mzima ambaye kope yake imeanguka ghafla, na hasa kama anaumwa kichwa au anaona vitu viwili viwili, asafirishwe mara moja, kwa maana hapo huenda tatizo ni mshipa wa damu kichwani, na linaweza kumuua.