Spitfire Ipi Tuiunde?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya mabaharia yavifaa pia vyombo virukavyo angani, vikubwa na vidogo.

Mwanafunzi apendaye kuunda mifano ya ndege huingia dukani kutafuta Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza iliyopata sifa kubwa. Hukuta masanduku matatu: la kwanza limeandikwa Mark I, la pili Mark V, la tatu Mark IX. Picha zake zafanana kama ndugu wa tumbo moja. Je, achukue lipi? Wengi huchagua kwa macho. Lakini swali hili ni la historia, na jibu lake latoka katika historia.

Spitfire ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936. Mwenye kuibuni, R. J. Mitchell, alifariki mwaka 1937, naye Joseph Smith akaiendeleza kazi yake. Mark I ndiyo iliyopigana mwaka 1940, pamoja na Hurricane zilizokuwa nyingi kuliko yenyewe, Wajerumani walipotaka kuitawala anga ya Uingereza. Ilichukua bunduki nane za rashasha. Aliyeuchagua mwaka huo aweke rafadha ya mapanga matatu, kwani ile ya mti yenye mapanga mawili ilikuwa ya ndege za mwanzo za mwaka 1938.

Mwaka 1941 ikaja Mark V, yenye injini ya nguvu zaidi. Nyingi zake zilikuwa na mizinga miwili midogo ya milimita 20 na bunduki nne. Ziliundwa zaidi ya 6,000, wala hapana namna nyingine ya Spitfire iliyoundwa kwa wingi kama hiyo. Machi 1942 kumi na tano kati yake ziliruka kutoka juu ya meli kwenda kukilinda kisiwa cha Malta.

Lakini adui naye hakulala. Kabla mwaka 1941 haujaisha, Wajerumani walileta Focke-Wulf 190 juu ya Ufaransa. Marubani wa Mark V walishangaa kuona wanaachwa nyuma, na wenzao wengi hawakurudi. Juni 1942 rubani mmoja wa Kijerumani alipotea njia, akatua kwa makosa Pembrey katika nchi ya Wales. Waingereza wakaipata ndege nzima, wakaipima. Vipimo vikathibitisha waliyoyasema marubani: Mark V ilishinda katika kugeuka kwa duara fupi tu, katika mbio ilishindwa.

Dawa ilikuwa imekwisha kutafutwa. Juu sana hewa ni nyembamba, na injini huhema kama mtu apandaye mlima mrefu. Mafundi wakatia injini mpya ambayo hewa yake ilishindiliwa mara mbili na kupozwa kabla ya kuingia ndani. Hapakuwa na wakati wa kubuni ndege upya. Injini ilitiwa katika mwili wa Mark V uliotengenezwa kidogo. Hiyo ndiyo Mark IX, iliyoingia vitani Julai 1942. Ilikusudiwa kuziba pengo kwa muda tu, lakini ziliundwa zaidi ya 5,000.

Sasa tutazame meza yetu. Katika kipimo cha moja kwa sabini na mbili, mabawa ya mita 11.23 huwa sentimita 15.6. Injini mpya iliirefusha ndege kwa sentimita 35 hivi, yaani nusu sentimita katika mfano wetu. Rafadha ina mapanga manne. Chini ya mabawa ya Mark I na Mark V mna rejeta kubwa upande wa kulia na kipoza mafuta kidogo upande wa kushoto; katika Mark IX pande zote mbili zalingana. Mtu akitia rafadha ya mapanga manne juu ya pua fupi ya mwaka 1940, ameunda ndege ambayo haikupigana mwaka huo, naye amesema uongo kwa gundi.

Basi kwanza chagua mwaka, kisha chagua sanduku. Atakaye kukumbuka ulinzi wa mwaka 1940 achukue Mark I. Atakaye kuonyesha akili ya mafundi achukue Mark IX. Mimi ningechukua Mark V. Sifa za ushindi zina wasimulizi wengi. Mark V yatukumbusha vijana walioingia katika ndege iliyokwisha kuzidiwa, wakijua hivyo, wakaruka nayo hata ile iliyo bora ilipowasili. Nusu sentimita ya pua ilinunuliwa kwa roho zao.