Jina la Kilwa katika Vinywa vya Wageni

Majina ya miji huwafikia wageni kwa njia mbili, kwa sikio na kwa jicho. Alisikiaye jina kwa mwenyeji hulitamka kadiri ulimi wake uwezavyo. Alisomaye kitabuni hulitamka kwa desturi ya herufi alizofundishwa kwao. Tofauti ya njia hizi mbili yaonekana wazi katika habari za Kilwa na pwani ya Lindi. Nayo yafaa kuchunguzwa, kwani mtoto wa Kilwa akifunua kitabu cha kale cha Wazungu aweza kulipita jina la mji wake asilitambue.

Mfano mashuhuri wa jambo hili uko Hispania. Mwaka 711 Tariq bin Ziyad alivuka bahari kutoka Afrika, na jabali lililo penye mlango wa bahari ile likaitwa Jabal Tariq. Wahispania wakaligeuza kuwa Gibraltar. Baadaye, katika karne ya 16 na ya 17, sauti ya herufi zao ilibadilika ikarudi kooni, hata leo Mhispania huanza jina hilo kwa sauti kama kh. Mwingereza huanza kwa j, kama sisi tusemapo jabali. Basi mgeni wa mbali amekikaribia Kiarabu kuliko jirani, wala si kwa elimu, bali kwa bahati ya herufi. Lakini bahati hiyo haidumu. Guadalajara asili yake ni Wadi al-Hijara, yaani bonde la mawe. Mhispania hutamka j yake kama kh, na Mwingereza, kwa kuwa hana kh katika lugha yake, husema h tu. Na j ya Mwarabu imepotea kwa wote wawili.

Sasa turudi kwetu. Waarabu waliliandika jina la Kilwa kwa kafu, lamu na wau, na aghalabu bila irabu, hata msomaji asiyefika pwani hakuweza kujua kama ni Kilwa au Kulwa. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliona haja ya kueleza irabu zake, naye aliipa kafu irabu ya u. Kwa hiyo katika vitabu vilivyomfuata twaona Kulwa.

Wareno nao waliuteka mji mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Wao waliandika Quiloa. Na João de Barros, katika kitabu chake cha mwaka 1552, alisimulia habari za wafalme wa Kilwa chini ya jina hilo. Wengi hudhani kwamba Wareno waliliharibu jina. Sivyo. Katika Kireno qu mbele ya i ni k tu, na o isiyotiwa mkazo hukaribia u. Mreno asomapo Quiloa hutamka karibu na Kilua, na hiyo si mbali na usemi wa wenyeji.

Upotevu ulitokea pale herufi za Mreno ziliposomwa kwa desturi ya Mwingereza. Kwake yeye qu ni kw, naye huelekea kusema Kwiloa. Mshairi John Milton aliutaja mji huu katika utenzi wake Paradise Lost wa mwaka 1667, na mizani ya mstari yataka silabi tatu, mkazo ukiwa juu ya lo. Mwenyeji ana silabi mbili tu, na mkazo wake u juu ya Ki.

Wajerumani walipoitawala nchi walifanya vivyo hivyo kwa herufi zao. Kivinje waliiandika Kiwindje, kwa kuwa w yao ni v. Kisiwani wakaiandika Kissiwani, na Sudi wakaiandika Ssudi, kwa kuwa s moja mbele ya irabu huwa z kwao. Mjerumani alisoma sawasawa, lakini Mwingereza aliyeirithi ramani yake aliiona w akatamka w. Lindi ndiyo iliyosalimika, kwa sababu herufi zake zasomwa karibu namna moja na watu wote hao.

Walakini tusiwacheke wageni, maana sisi nasi tumefanya kama wao. Jumba kubwa la karne ya 14 katika Kilwa Kisiwani laitwa Husuni Kubwa, na husuni ni hisn ya Kiarabu, yaani ngome. Ulimi wetu haukupenda konsonanti ziishie pasipo irabu, ukaongeza irabu zake. Mnara, katika jina la Songo Mnara, nao ni neno la Kiarabu. Na Gereza, ngome iliyo ufukweni, jina lake latokana na igreja ya Kireno, ambayo maana yake ni kanisa. Lakini hayo tuliyapata kwa sikio, nayo yamefuata sheria za lugha yetu. Ndiyo maana hayamkwazi mtu.

Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, alifuata kanuni kwamba konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, na irabu kama za Kiitalia. Kanuni hiyo ndiyo iliyotupa Kilwa tuiandikayo leo, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya UNESCO kwa majina hayo.

Hata hivyo vitabu vya kale havikubadilika. Kabla ya kumlaumu mwandishi, msomaji na aulize kwanza: herufi hizi ni za nani? Na mwalimu wa historia katika pwani hii awafundishe wanafunzi wake Kulwa, Quiloa na Kiwindje pamoja na Kilwa na Kivinje. Asiyejua kwamba Quiloa ni Kilwa atasoma habari za wafalme wa kwao kana kwamba ni habari za nchi ngeni.