Vazi la Msafiri katika Delta ya Rufiji: Historia ya Nguo Nyepesi na Mzigo Wake

Delta ya Mto Rufiji, ambayo kwa sehemu kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, ni nchi ya mikondo ya maji, visiwa vya tope na misitu ya mikoko inayokadiriwa kuzidi hekta 50,000, na kwa sababu hiyo historia ya kusafiri humo ni historia ya mtumbwi, jahazi na mwendo wa miguu zaidi kuliko ya barabara. Msafiri wa Salale au Mbwera, sawa na anayevuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia, hupanga safari yake kwa kufuata maji kupwa na maji kujaa, na mara nyingi hulowa kabla hajafika. Vazi lililofaa mazingira hayo lilikuwa lile linaloweza kukamuliwa na kukauka upesi, likavaliwa mchana na kugeuzwa la kujifunika usiku, bila kumwongezea mtu mzigo. Vazi la namna hiyo lilikuwepo kwa karne nyingi, lakini wepesi wake kwa mvaaji ulitegemea uzito uliobebwa na watu wengine, na jambo hilo la pili halionekani nguo inapotazamwa peke yake.

Ufumaji wa pamba ulijulikana katika pwani hii kabla ya kufika kwa Wareno, kama inavyoshuhudiwa na vigurudumu vya kusokotea uzi, ambavyo vingi vilichongwa kutokana na vigae vya vyungu, vilivyopatikana katika uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick huko Kilwa Kisiwani, kusini mwa delta. Katika karne ya 19, hata hivyo, nguo zilizotawala soko zilitoka ng'ambo: kaniki, yaani kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi nzito ya nili, kililetwa kutoka India, na merikani, kitambaa imara kisichopaushwa, kilitoka katika viwanda vya Marekani, hasa baada ya Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar kutia saini mkataba wa biashara na taifa hilo mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi wa pamba, vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vilishika nafasi hiyo, ingawa jina la merikani lilibaki katika vinywa vya watu.

Nguo hizo zilipimwa kwa mikono, yaani urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka moja ilikuwa mikono minne, shuka mbili zilifanya doti, na kitambaa kizima kilichokunjwa kiliitwa jora. Kwa kuwa doti ilikubalika kulipia chakula, pembe na hongo, yaani malipo ya kuruhusiwa kupita katika nchi ya mtawala fulani, misafara ya bara ilibeba nguo kama fedha, na mpagazi mmoja alitwishwa kiasi cha kilo 30. Mwenye msafara aliyetembea na shuka moja kiunoni alisafiri kwa wepesi kwa sababu akiba yake yote ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi.

Katika delta yenyewe, thamani ya shuka ilitokana na wingi wa kazi zake. Kitambaa kile kile kilifungwa kiunoni wakati wa kupiga kasia, kikafungiwa mchele au samaki wakavu, kikakunjwa kuwa kata ya kubebea mzigo kichwani, na usiku kikawa kinga dhidi ya mbu na baridi ya miezi ya kusi katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ambamo wakulima walilala ili kulinda mpunga. Pamba iliyolowa hung'ang'ania mwili na kuupoza, lakini kitambaa kimoja kisicho na mshono huanikwa wazi juani na kukauka mapema kuliko vazi lililoshonwa kwa tabaka.

Sufu, yaani manyoya ya kondoo yaliyosokotwa, haikuwa ngeni pwani, ila ilishika daraja jingine. Joho na bushuti, mavazi ya sufu yavaliwayo juu ya kanzu, yalikuwa alama ya cheo miongoni mwa Waarabu na waungwana wa pwani. Waarabu hawakuwa wageni katika delta, kwani manahodha wa Ghuba walifika Rufiji kwa upepo wa kaskazi kupakia boriti za mikoko kwa ajili ya mapaa ya miji isiyo na miti, biashara ambayo baharia Alan Villiers aliishuhudia mwaka 1939 akiwa ndani ya jahazi la Kuwait. Kwa msafiri wa leo, sufu laini ya kondoo wa Merino, ambao asili yao ni Hispania na ambao walipelekwa Australia mwaka 1797, ina sifa ambazo pamba haina: hunyonya mvuke hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi umajimaji, huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, na huchelewa kunuka jasho, hivyo msafiri huweza kutosheka na nguo chache. Kondoo hao, hata hivyo, ni wa nchi kavu zenye ubaridi, na hata katika nyanda za juu za Njoro, nchini Kenya, majaribio ya mlowezi Lord Delamere ya kuwafuga mwanzoni mwa karne ya 20 yalileta vifo vingi. Bonde la mafuriko la Rufiji halikuwa mahali pao kabisa.

Zao lililofaa bonde hilo lilikuwa pamba, na hapo ndipo uzito wa nguo nyepesi ulipowaangukia wenyeji. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, utawala wa Wajerumani uliwalazimisha wanavijiji wa pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, wakisimamiwa na maakida na majumbe, kwa ujira mdogo mno kiasi kwamba wapo walioukataa. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na kitendo hicho kikawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wakulima hao hawakuwa na uadui na mmea wenyewe: kulazimishwa kulipokoma, pamba iliendelea kulimwa Rufiji wakati wa utawala wa Waingereza, hasa katika mlau, kilimo kinachofuata maji ya mafuriko yanapopungua.

Jambo lililodumu katika tawala zote mbili ni kwamba pamba ya bonde iliondoka ikiwa ghafi na kurudi ikiwa kitambaa cha kununuliwa. Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilipojificha katika mikondo ya delta hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, vilivunja utaratibu huo kwa muda, kwa sababu kuzingirwa kwa pwani kuliwalazimu Wajerumani kurudia usokotaji na ufumaji wa mikono ndani ya koloni. Baada ya uhuru, kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China kilichapa kanga na vitenge kwa ajili ya soko la nchi, kabla ya nguo za kutoka nje na mitumba kulibana soko hilo tena.

Leo watalii wanaopita Kibiti kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere huenda wakawa na fulana za Merino zinazosifiwa kwa kupunguza mizigo, na sifa hiyo ni ya kweli. Historia ya Rufiji inaongeza kwamba kanuni ya nguo chache zenye kazi nyingi ilitekelezwa na wapiga kasia na walinzi wa mpunga kwa kitambaa cha bei nafuu zaidi, na kwamba hesabu ya wepesi wa nguo haikamiliki mpaka kazi ya aliyelima, aliyechunga na aliyebeba iingizwe ndani yake.