Barawa Uwanjani London: Historia Fupi ya Timu na Funzo kwa Walimu wa Lugha

Utangulizi

Kila aliyepitia somo la lahaja za Kiswahili anaikumbuka orodha ile ya kukariri. Huanzia kaskazini kabisa na Chimwini (vitabu vingine huandika Chimbalazi) ya Barawa, Somalia, kisha hushuka kwa Kitikuu, Kisiu, Kipate na Kiamu hadi kusini. Chimwini hupewa mstari mmoja, mwalimu akapita. Katika makala haya tunakusudia kusimama kidogo kwenye mstari huo, na tutaufikia kupitia mpira wa miguu.

Mji na lugha yake

Barawa ni mji wa kale katika pwani ya Benadir, kusini mwa Mogadishu. Wenyewe huuita Mwini, yaani mjini, na Chimwini ni lugha ya mjini. Kiambishi chetu ki- kwao ni chi-, na vi- yetu kwao ni zi-. Wamehifadhi kiambishi tamati -ile cha kuonyesha tendo lililokwisha: pale tunaposema "amesoma", Mbarawa husema "somele". Irabu ndefu na irabu fupi hutofautisha maana. Wataalamu wengine huihesabu kuwa lugha inayojitegemea. Vyovyote iwavyo, ni lugha yenye fasihi: Dada Masiti na Sheikh Qasim al-Barawi walitunga ndani yake tenzi za dini ambazo Wabarawa wamerithishana.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1991 viliwavunjia watu hawa mji wao. Hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwalinda, wakaporwa na kuuawa. Wengi walikimbilia Mombasa, baadhi wakivuka bahari kwa majahazi, wakakaa katika kambi za wakimbizi. Kutoka huko wengine walipelekwa Uingereza na Marekani. Mji wenyewe baadaye ulishikwa na Al-Shabaab, hadi majeshi ya Umoja wa Afrika na ya Somalia yalipoutwaa mwezi Oktoba 2014.

Siku 10 za mwaka 2018

Mwaka 2013 liliundwa shirikisho liitwalo CONIFA, kwa ajili ya timu za watu na maeneo yasiyo wanachama wa FIFA. Wasomali wa Uingereza waliunda timu, wakaipa jina la Barawa na kujiunga. Wachezaji wake wengi walikuwa vijana waliokulia Uingereza. Ilipofika zamu ya Kombe la Dunia la CONIFA la mwaka 2018, mwenyeji alikuwa Barawa. Lakini kwa kuwa mashindano hayangeweza kuchezwa Barawa yenyewe, yalichezwa London na viunga vyake, katika viwanja vya vilabu vidogo, kuanzia Mei 31 hadi Juni 9. Timu zilikuwa 16. Mwenyeji alikuwa ugenini, na ugenini ndiko kulikuwa kwake!

Katika mchezo wa ufunguzi Barawa iliifunga Tamil Eelam mabao 4-0. Katika hatua hiyo hiyo ya makundi iliishinda pia Ellan Vannin, timu ya Kisiwa cha Man. Ellan Vannin walilalamika kuwa mchezaji mmoja wa Barawa alisajiliwa baada ya muda. Malalamiko yao yalikataliwa, nao wakajitoa mashindanoni. Barawa iliingia robo fainali, ikafungwa na Saiprasi Kaskazini mabao 8-0. Kombe lilichukuliwa na Kárpátalja, timu ya Wahungari wa Ukraini, kwa mikwaju ya penati.

Timu mbili, lugha mbili

Kwetu sisi wa lugha, mchezo wa kukumbukwa ni ule wa Barawa na Ellan Vannin. Ellan Vannin ni jina la kisiwa kwa lugha ya wenyeji, Kimanx. Mzungumzaji wa mwisho wa asili wa lugha hiyo, Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974. Hata hivyo, mwaka 1948 watafiti kutoka Ayalandi walikuwa wamekwenda kuwarekodi wazee waliokuwa wamebaki. Kwa msaada wa sauti hizo na za warekodi wengine, pamoja na vitabu vya zamani, wenyeji waliifufua lugha yao, na mwaka 2001 ilifunguliwa shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanx.

Basi siku ile walikutana watu waliokwisha kuzika wazungumzaji wao wa asili wakajifunza upya, na watu ambao wazee wao bado wanazungumza, lakini wajukuu wanajibu kwa Kiingereza. Kazi ya kuhifadhi Chimwini imeanza. Mwaka 2004 Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, ambaye Chimwini ni lugha yake ya kwanza, walitoa kamusi ya lugha hiyo. Lakini kamusi haimwimbii mtoto akalala. Jezi nayo inaweza kubeba jina la mji. Haiwezi kubeba "somele".

Huku kwetu

Msomaji aliye Lilongwe asiione habari hii kuwa ya mbali. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanakutana humo kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho tumekisikia pia katika biashara za Kawale. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na maduka mengi yakafungwa. Watu huhamishwa kwa tangazo la siku chache, na lugha yao huhama nao.

Mara nyingi mwanafunzi kutoka Dzaleka anapoandika Kiswahili cha kwao tunakata kwa wino mwekundu, tukaendelea. Tusahihishe, ndiyo, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini kabla ya kukata tumwulize: kwenu husemaje, na nani alikufundisha?

Hitimisho

Tunapendekeza kila mwanafunzi wa somo la lahaja amrekodi mzee mmoja kwa simu yake, kwa idhini ya mzee huyo: hadithi, methali, hata utangazaji wa mechi ya mtaani. Hakuna bajeti inayohitajika. Wamanx walirekodiwa wakiwa wamebaki wachache mno. Wazee wetu bado wapo, na mwenye kuuliza ni sisi.