Mmoja Kati ya Kumi na Wawili

Msikilizaji, uko mchezo wa kuigiza ambao vikundi vya ridhaa vya mitaani huko Marekani haviuchoki. Seremala, mwalimu na karani hutoka kazini, wakakutana jioni katika ukumbi wa shule na kuufanyia mazoezi. Sababu moja ni wepesi wake: meza moja, viti kumi na viwili, chumba kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini wepesi peke yake haudumishi mchezo kwa miaka zaidi ya 70.

Ni Twelve Angry Men wa Reginald Rose. Mwandishi huyo aliitwa kukaa katika juri mjini New York, miongoni mwa raia wa kawaida wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia. Aliyoyaona yalimpa mchezo, ukarushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya CBS Septemba 20, 1954. Mwaka 1955 Sherman Sergel aliurekebisha kwa ajili ya jukwaa, na mwaka 1957 Sidney Lumet akautolea filamu.

Kijana anashitakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Akitiwa hatiani, atauawa. Kura ya kwanza, kumi na mmoja wanasema ana hatia. Mmoja anakataa. Hasemi kwamba kijana ni mwema. Anasema tu kwamba uhai wa mtu unastahili mazungumzo kabla ya kuondolewa. Kisha anatoa mfukoni kisu kinachofanana kabisa na kile cha ushahidi, alichokinunua yeye mwenyewe. Hapo shaka inaingia.

Kwetu Kenya historia ilikuwa nyingine. Enzi za ukoloni juri ilikuwa haki ya Mzungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Ndivyo Dedan Kimathi alivyohukumiwa Nyeri mwaka 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu. Wote watatu walisema ana hatia. Alinyongwa Februari 18, 1957, mwaka uleule wa filamu ya Lumet. Wazee wa baraza nao walifutwa mwaka 2007.

Hata hivyo, juri tunayo. Inakaa kando ya barabara, na kikao chake huanza kwa neno moja: "Mwizi!"

Nikiwa ripota kijana niliwahi kukuta umati umemzunguka mvulana karibu na kituo cha mabasi. Nilimwuliza mzee mmoja aliyeshika jiwe, "Kaiba nini, mzee?" Akanijibu, "Sijui, mwanangu. Nimewakuta wenzangu." Nami nilikuwa na sauti, tena sauti inayonilisha, lakini sikuipaza. Niliandika habari yangu nikaenda zangu. Mvulana yule hakufika hospitali akiwa hai.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Yule mtu wa Rose hakuhitaji shahada ya sheria wala bunduki. Alihitaji kuinua mkono peke yake na kustahimili macho ya kumi na mmoja. Ndiyo maana seremala wa Marekani hujifunza maneno yake usiku, na ndiyo maana ningependa vijana wetu wa maigizo nao wayajaribu, pale pale karibu na kituo cha mabasi.